JE, NYIMBO ZA KALE ZA JAPANI NI BORA KULIKO ZA SIKU HIZI?

Muhula huu katika chama chetu cha mdahalo ilitolewa hoja kwamba nyimbo za kale ni bora kuliko nyimbo za siku hizi. Wasemaji wengi walizungumza juu ya nyimbo za kwetu. Mimi nilichagua nyimbo za Japani, na baadhi ya wenzangu wakacheka. Dakika nilizopewa zilikwisha kabla sijamaliza, ndiyo sababu nimemwomba Mhariri nafasi katika gazeti letu ili niyaeleze mambo haya kwa utaratibu.

Nilichagua Japani kwa sababu mbili. Kwanza, nchi ile si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Magari mengi ya mitumba yaliyomo katika barabara zetu yametoka huko, na mengine husema Kijapani kila yanapowashwa. Wanafunzi wengi nao hupenda katuni za Kijapani, na nyimbo za kufungulia katuni hizo huimbwa mabwenini na watu wasiojua maana ya neno hata moja. Pili, katika jambo la nchi ya mbali mtu hana upande. Mzee akizisifu nyimbo za ujana wake huusifu na ujana wenyewe. Kijana naye akizisifu za leo hujisifu mwenyewe. Lakini mbele ya nyimbo za Tokyo sisi sote tu wageni, na mgeni huweza kuamua bila upendeleo.

Kwa kuwa sijui Kijapani, sitapima utamu wa mashairi yao. Nitapima yale ambayo sikio la mtu yeyote laweza kuyapima, yaani lahani, sauti, vyombo, na namna wimbo unavyotengenezwa na kuwafikia watu.

Tuanze na upande wa wanaosifu ya kale, maana hoja yao ina nguvu. Mwaka 1961 kijana aitwaye Kyu Sakamoto aliimba wimbo uitwao "Ue o Muite Arukō", maana yake "Nitembee nikitazama juu". Ni wimbo wa mtu mwenye huzuni anayetembea peke yake usiku. Maneno yalitungwa na Rokusuke Ei, na lahani ilitungwa na Hachidai Nakamura. Mwezi wa Juni 1963 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard huko Marekani kwa muda wa majuma 3, ukiimbwa kwa Kijapani kitupu. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliona jina lake ni gumu, wakaubandika jina la "Sukiyaki", ambacho ni chakula cha nyama ya ng'ombe. Ni kama wimbo wetu wa huzuni upelekwe ng'ambo, nao wauite "Mchuzi wa Nyama". Hata hivyo watu waliupenda.

Siri yake moja yaweza kujaribiwa na mtu yeyote katika kwaya yetu. Sehemu kubwa ya lahani ile husimama juu ya sauti tano tu: do, re, mi, so, la. Wajapani huuita mpango huo "yonanuki", yaani kuondoa ya nne na ya saba. Mpango huu ulitumiwa sana katika nyimbo za shule huko Japani tangu karne ya 19, walipoanza kufundisha muziki kwa namna ya Ulaya. Mtu akisikia lahani ya sauti tano mara moja au mbili tu, huweza kuishika na kuiimba njiani.

Ushahidi wa pili wa upande huo ni nyimbo za miaka ya 1980. Wakati ule Japani ilikuwa na fedha nyingi mno, kabla bei za hisa hazijaanguka mwaka 1990. Kampuni za santuri ziliweza kukodi studio nzuri na kuwalipa mabingwa wa gita, ngoma, tarumbeta na fidla, nao wakapiga pamoja na kurudia mpaka wimbo unyooke. Nyimbo za namna hiyo zilisifu maisha ya mjini, taa za usiku, magari na safari za pwani. Mmojawapo ni "Plastic Love" wa Mariya Takeuchi, uliotoka mwaka 1984 katika santuri yake iitwayo "Variety", chini ya usimamizi wa mumewe, Tatsuro Yamashita, ambaye naye ni mwimbaji mashuhuri. Mwingine ni wa Miki Matsubara wa mwaka 1979, "Mayonaka no Door", uliotungwa lahani na Tetsuji Hayashi. Ukilisikiliza gita la besi katika nyimbo hizo utatambua kwamba anayelipiga ni mtu anayewasikiliza wenzake.

Basi, ikiwa mambo ni hayo, mbona tusikate shauri mara moja? Ni kwa sababu tunalinganisha vitu visivyolingana. Mama apepetapo mchele, pumba huruka, na kinachobaki katika ungo ni safi. Nyimbo za mwaka 1961 na za mwaka 1984 zimekwisha pepetwa. Zile mbovu hakuna azipigaye tena, wala redio haizikumbuki. Nyimbo za mwaka huu bado zimo katika ungo pamoja na pumba zake zote. Wahenga walisema kwamba ya kale hayanuki. Nami naona hayanuki kwa kuwa yaliyooza yamekwisha tupwa.

Nitatoa ushahidi. Je, santuri ya wimbo mmoja iliyouzwa kuliko zote katika orodha za Oricon, ambazo huhesabu mauzo ya Japani tangu mwaka 1968, ni ipi? Si ya Sakamoto wala ya Takeuchi. Ni wimbo wa watoto uitwao "Oyoge! Taiyaki-kun", uliotolewa Desemba 1975 na kuimbwa na Masato Shimon. Santuri zake zilizouzwa zilipita milioni 4. Wimbo huo wahusu mkate mdogo mtamu wenye umbo la samaki, uliochoka kuokwa kila siku, ukagombana na mwenye duka na kutorokea baharini. Siudharau, maana wafurahisha. Lakini wanaosifu ya kale hawautaji kamwe. Kwa upande mwingine, "Plastic Love" ulipotolewa peke yake mwaka 1985 haukufika mbali katika orodha hizo. Sifa yake kubwa ulipata kuanzia mwaka 2017, vijana wa nchi nyingi walipoukuta katika intaneti. Wimbo wa Matsubara nao ulienea duniani mwaka 2020, hali mwenyewe alikuwa amefariki tangu mwaka 2004. Kwa hiyo nyimbo tunazoziita dhahabu ya kale hazikuchaguliwa zote na watu wa kale. Nyingine zimechaguliwa na vijana wa leo.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba kila cha kale kilikuwa kipya siku moja, na kililaumiwa. Misora Hibari, aliyezaliwa mwaka 1937, huheshimiwa Japani kama malkia wa nyimbo. Alipoanza kujulikana, karibu na mwaka 1949, alikuwa bado mtoto, akiimba nyimbo za mtindo wa Kimarekani kwa sauti nzito ya mtu mzima. Wakati ule walikuwapo waandishi waliochukizwa naye, wakisema si adabu. Vivyo hivyo, mwaka 1966 vijana wa Uingereza waitwao Beatles walipokwenda kuimba Tokyo katika jumba la Nippon Budokan, watu wengine waliona ni aibu. Jumba hilo lilikuwa limejengwa kwa ajili ya judo ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Leo mwimbaji wa Japani akialikwa kuimba katika jumba hilo hilo huona amepata heshima kubwa.

Lawama nyingine isikikayo mara kwa mara ni kwamba siku hizi wasichana huchaguliwa kwa sura, wakapangwa jukwaani kwa makumi, na santuri zao hununuliwa kwa hila. Lawama hii ina ukweli ndani yake. Kikundi cha AKB48 kilianzishwa mwaka 2005 na mtunzi Yasushi Akimoto. Kuanzia mwaka 2009 hadi mwaka 2018 kilifanya uchaguzi kila mwaka, na karatasi za kura ziliwekwa ndani ya sahani za CD. Mpenzi mmoja aliweza kununua sahani nyingi za wimbo ule ule ili apige kura nyingi. Hapana shaka kwamba hesabu ya mauzo ya namna hiyo haituambii lolote juu ya uzuri wa wimbo.

Lakini tazameni jambo hili. Akimoto huyo huyo ndiye aliyetunga maneno ya "Kawa no Nagare no Yō ni", wimbo wa Misora Hibari uliotolewa Januari 1989, miezi michache kabla mama huyo hajafariki akiwa na umri wa miaka 52. Wajapani wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa nyimbo bora za taifa lao. Na kabla ya hapo, mwaka 1985, Akimoto alikuwa amekwisha watungia nyimbo nyingi wasichana wa Onyanko Club, kikundi kikubwa kilichotokana na kipindi cha televisheni, ambacho wengi wao walikuwa wanafunzi wasio na mafunzo ya kuimba. Je, Akimoto tumweke upande wa kale au wa leo? Mtu mmoja, kwa kalamu moja, alitunga nyimbo za kupita na wimbo wa kudumu, na vyote viwili alivianza katika miaka hiyo hiyo inayosifiwa.

Sasa tuitazame leo. Badiliko kubwa ni katika kutengeneza. Mwaka 2007 kampuni moja ya mji wa Sapporo ilitoa programu ya kompyuta iitwayo Hatsune Miku. Mtunzi huandika lahani na maneno, na kompyuta huimba kwa sauti ya msichana. Wazee waweza kucheka, lakini fikirini maana yake. Kijana aliye chumbani peke yake, asiye na mwimbaji, wala studio, wala mtu wa kumjua, aliweza kutunga wimbo kamili na kuwasikilizisha watu kwa intaneti. Kenshi Yonezu alianza kwa njia hiyo akijiita Hachi, kisha akaanza kuimba mwenyewe, na wimbo wake "Lemon" wa mwaka 2018 ulipendwa Japani nzima. Ayase, mtunzi wa kikundi cha Yoasobi, naye alianza hivyo hivyo. Yoasobi hugeuza hadithi fupi kuwa nyimbo. Mwaka 2023 wimbo wao "Idol" ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard ya dunia nje ya Marekani, na safari hii hapana aliyeubandika jina la chakula.

Yuko pia msichana ajiitaye Ado, asiyeonyesha uso wake. Alikuwa akirekodi sauti yake nyumbani kwao, ndani ya kabati la nguo. Oktoba 2020, akiwa na umri wa miaka 17, alitoa wimbo "Usseewa", ambao ni kijana anayewajibu wakubwa kwa hasira. Wazazi wengine huko walisikitika kuwasikia watoto wao wakiuimba. Lakini sauti yake hutoka chini kabisa ikapanda juu, ikakwaruza, kisha ikalainika, katika mstari mmoja. Aprili 2024 aliimba katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo.

Basi nipime. Katika ufundi wa wapigaji kukaa pamoja na kusikilizana, kale imeshinda. Kompyuta haikosei, lakini pia haimsikilizi mwenzake. Katika kuwaunganisha watu, kale imeshinda tena. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1989 kilikuwako kipindi cha televisheni kiitwacho "The Best Ten", na babu na mjukuu walisikia nyimbo zile zile kila juma. Leo kila mtu ana zake masikioni, ingawa mwanzo wake ni wa zamani, maana Walkman ya Sony ilitoka mwaka 1979. Katika lahani na sauti, sioni mshindi, ikiwa tutalinganisha bora kwa bora. Na katika kumfungulia mlango yule asiye na fedha wala mjomba katika kampuni, leo imeshinda kwa mbali.

Jambo la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Mimi nami nina miaka 17. Shuleni kwetu wamo wanaotunga nyimbo katika madaftari, na huyaficha, kwa kuwa wameambiwa tangu utoto kwamba mambo mazuri yote yamekwisha fanywa na waliotangulia. Neno hilo si kweli kwa Japani, wala sidhani ni kweli kwa nchi yoyote. Kwa wazazi na walimu ombi langu ni dogo: mkisikia kelele zetu, kumbukeni mtoto Hibari. Kwa wenzangu nasema, msizidharau santuri za wazee kabla hamjazisikiliza hadi mwisho, maana ndimo mtakamojifunza kazi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Nyimbo za kale za Japani si bora kuliko za siku hizi, ila zimekwisha chaguliwa. Aliye na hoja ya kunipinga, na najua wapo katika kidato cha tatu, aiandike tuisome katika toleo lijalo.