Sakafu iliyochakaa yala faida ya dagaa Kagunga

Mnunuzi wa dagaa wakavu anapofika kwenye mzigo, huchota konzi moja, akaipepeta kiganjani na kutazama kinachobaki. Kikibaki mchanga, bei huanza kushuka kabla hata ya mazungumzo. Kwa wafanyabiashara wa Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilicho mpakani na Burundi, mchanga huo si lazima utoke ufukweni. Unaweza kutoka kwenye sakafu ya zege yenyewe, ile iliyojengwa kwa gharama ili kuuepuka.

Dagaa wa Kigoma huanikwa kwa njia tatu: juu ya mchanga, juu ya vichanja na juu ya sakafu ya zege. Sakafu hubeba mzigo mkubwa kwa siku moja na hurahisisha kugeuza, kufagia na kukusanya mvua inapotishia. Hata hivyo, baada ya misimu kadhaa uso wake huanza kumeng'enyeka. Chembe za mchanga hung'oka, nyufa hufunguka, na mabonde madogo hukusanya maji ambayo hulowesha samaki kutoka chini wakati jua linawakausha kutoka juu. Mwenye sakafu hupoteza mara mbili, kwani dagaa huchelewa kukauka na wakikauka huwa na mchanga.

Katika nchi za baridi kama Kanada na Norway, adui wa sakafu za nje ni barafu. Maji huingia kwenye vitundu vya zege, yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na uso hubanduka vipande vipande. Ndiyo maana madukani kwao zimejaa bidhaa za kufunika zege upya, saruji iliyochanganywa na gundi za plastiki na kuuzwa kwa bei isiyo ya mchezo. Kagunga haijui barafu, na mfanyabiashara wa huko hana sababu ya kulipia kinga dhidi yake. Lakini chanzo cha hasara ni kile kile, yaani maji kupita mahali yasipotakiwa.

Mvua za Kigoma huanza mwezi Oktoba au Novemba na huendelea hadi Mei. Jua la mchana hupasha zege joto, kisha mvua ya ghafla hulipoza, na mchezo huo ukirudiwa miaka nenda miaka rudi nyufa ndogo huwa kubwa. Milima iliyo nyuma ya kijiji huteremsha maji yenye udongo na changarawe, ambayo husugua uso kama msasa. Mafuta ya samaki nayo hula saruji taratibu. Juu ya yote hayo kuna kosa la siku ya kwanza: fundi aliyemimina maji mengi ili zege lake lilainike na kusambaa haraka aliacha uso dhaifu tangu mwanzo.

Kinachofanywa na wengi ni kupiga niru juu ya sakafu mbovu. Kwa wiki chache hupendeza. Kisha niru, ambayo ni nyembamba mno na imekaa juu ya vumbi na mafuta, hubanduka kama magamba na kuingia kwenye dagaa. Fedha hiyo imetupwa ziwani.

Swali la kwanza si la saruji bali ni la mahali sakafu ilipo. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, yakafunika majengo ya mwambao kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Kigoma. Sakafu ambayo mawimbi yaliifikia na kuchimba udongo chini yake haifai kuwekewa uso mpya, kwa sababu itapasuka pamoja na uso huo. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ufuko wa ziwa. Mwenye sakafu iliyo karibu na maji afike kwanza halmashauri ya wilaya kabla ya kufika kwa muuza saruji.

Swali la pili hujibiwa kwa nyundo. Fundi hugonga sakafu nzima, hatua kwa hatua, na kuchora kwa chaki kila mahali panapotoa sauti ya debe tupu. Hapo zege limeachana na tabaka la chini. Nyufa nazo hupimwa kwa kupaka kipande kidogo cha saruji juu ya ufa na kukiacha wiki kadhaa. Kikikatika, ufa bado unatembea na utapenya hata kwenye uso mpya. Ikiwa theluthi ya sakafu au zaidi inalia debe, hesabu ya kukarabati huanza kuharibika, na ni afadhali kuvunja.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua sakafu ya mita 10 kwa 10. Uso mpya wa unene wa milimita 25, kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya saruji na 3 za mchanga, unahitaji takriban mifuko 24 ya kilo 50, na mingine 2 ya uji wa kugandishia. Jumla mifuko 26. Sakafu mpya ya unene wa milimita 100, kwa mchanganyiko wa 1:2:4, itameza takriban mifuko 63, pamoja na karibu mita 9 za ujazo za kokoto, bila kuhesabu kifusi na vibarua wa kuvunja ile ya zamani.

Tofauti ya mifuko 37 ina uzito wa pekee Kagunga. Kwa miaka mingi kijiji hiki kimetegemea boti. Mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipojikuta wamebanwa kati ya milima na maji, meli ya MV Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwasafirisha kwenda Kigoma. Saruji itokayo Dar es Salaam huwa tayari imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kabla ya kufika Kigoma mjini. Baada ya hapo kuna nauli ya boti, upakiaji, upakuaji na mifuko inayolowa njiani. Mfanyabiashara makini hapigi hesabu kwa bei ya dukani Kigoma, bali kwa bei ya mfuko mkavu uliokwisha kufika nchi kavu Kagunga. Mfuko wenye mabonge yanayovunjika kwa vidole bado unafaa. Yakikataa kuvunjika, saruji imekufa.

Kazi ikiamuliwa, sehemu kubwa ya fedha iende kwenye maandalizi, ingawa ndiyo sehemu ambayo mwenye mali hupenda kuibana. Maeneo yanayolia debe yavunjwe na kujazwa zege. Uso wote uparuzwe kwa tindo na nyundo hadi zege gumu lionekane, kisha usuguliwe kwa burashi ya waya. Mafuta ya dagaa yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, zaidi ya mara moja, kwani saruji haishiki penye mafuta. Sakafu iloweshwe usiku kucha, na asubuhi maji yaliyotuama yafagiliwe: zege liwe limeshiba maji lakini halina dimbwi. Hapo hupakwa uji mzito wa saruji kwa burashi, na mchanganyiko mpya humwagwa kabla uji huo haujakauka.

Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo mchanga wake hauna balaa la chumvi. Tatizo lake ni kuwa laini mno au kuchanganyika na tope. Tikisa mchanga na maji ndani ya chupa, uache utulie. Tope likiwa tabaka nene juu, tafuta mchanga wa mtoni. Maji ya kuchanganyia yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa mbichi yapunguzwe. Mchanganyiko utakuwa mgumu na fundi atalalamika. Avumilie.

Uso uteremke sentimita 2 kwa kila mita ili mvua isituame, na mikato ya sakafu ya zamani ifuatwe ile ile kwenye uso mpya. Uachwe na mkwaruzo mdogo wa mbao, usisuguliwe hadi kuteleza. Baada ya hapo ufunikwe kwa magunia yaliyolowa au nailoni na kumwagiliwa maji siku 7. Katika siku hizo 7 saruji hupata karibu theluthi mbili ya nguvu inayofikia siku ya 28. Anayeanika siku ya tatu kwa kuwa dagaa wamejaa mitumbwini ataurudisha mkopo wa fundi kwa riba.

Ndiyo maana kalenda ina uzito kama saruji. Viraka vidogo vinaweza kufanywa wakati wa mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzika. Sakafu nzima yahitaji nafasi kubwa zaidi, na nafasi hiyo imepatikana kwa njia ambayo wengi waliilalamikia: mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kiangazi. Shida ni kwamba mapumziko hukata pia mapato ya kununulia saruji. Anayetaka kuitumia nafasi ya namna hiyo hana budi kununua mifuko 26 wakati dagaa bado wanatoka, kuipanga juu ya mbao mbali na ukuta, kuifunika kwa nailoni, na kupatana na fundi mapema, kabla wenye sakafu wengine hawajamfikia.