Butoni moja tu, na formilere yote inapotea

Kwa sibere za Mabanga, watu wanajaza formilere za kila namna: za kazi, za masomo. Walijaza hata za loteri ya Marekani, ile DV. DV ilikuwa inakupa karibu dakika 60 tu. Zikipita mbele utume, ulikuwa unaanza upya. Njo hapo mahali pa butoni panakuwa jambo kubwa.

Tunasoma toka kushoto kwenda kuume. Kwa hiyo jicho linatafuta «Suivant» kuume, chini ya mstari wa mwisho, na «Précédent» kushoto. Kwa Kiarabu inageuka. Kibaya zaidi ni kuweka «Annuler» karibu na «Envoyer», zote rangi moja: kwa telefone kidole kinateleza, na mega ulizolipa zimekwenda bure. Ninyi vijana munaotengeneza saiti hapa Goma, mutenganishe hizo mbili, na «Annuler» iulize kwanza: kweli unataka kufuta?

Na wewe mama ao baba unayejaza, achana na ule mshale wa juu wa kurudi nyuma. Ule ni wa Chrome, si wa formilere. Unaweza kufuta yote. Ukitaka kusahihisha, bonyeza «Précédent».