Kwa nini mtambo wa biogesi huishiwa na gesi

Mtambo wa biogesi ulio kando ya zizi la ng'ombe huko Gakindu, Mukurwe-ini, ni riakta: tangi ambamo kitu kimoja hugeuka kuwa kingine. Hesabu yake ni ile ile wanayofundishwa wanafunzi wa uhandisi wa kemikali. Samadi ikae ndani siku ngapi?

Vijidudu vinavyotoa methani huzaana polepole, na baridi ya Julai huvichelewesha zaidi. Katika maeneo ya baridi, siku 60 ni kadirio salama. Ng'ombe wawili wakitoa kilo 40 za samadi kwa siku, ikichanganywa na lita 40 za maji, ni takriban lita 80. Zidisha mara 60: lita 4,800, bila kuhesabu nafasi ya gesi.

Mfugaji akiongeza ng'ombe wawili na kumimina yote kwenye tangi lile lile, muda hushuka hadi siku 30. Vijidudu huanza kusombwa nje kabla ya kuzaana vya kutosha, moto hufifia, na familia hurudia kuni. Mara nyingi fundi ndiye hulaumiwa. Maji kupita kiasi huleta hasara iyo hiyo.

Samadi ya ziada ipelekwe shambani. Anayepanga kujenga apime samadi yake kwa ndoo wiki nzima kabla ya kuchimba shimo.