Kazi ya msimu ndani ya meli ndogo ya watalii Ulaya: kazi yenyewe ni gani, na wapi watu wanadanganyiwa

Ujumbe wa namna hii unazunguka sana kwenye WhatsApp: meli ya watalii huko Ulaya inatafuta waserva, wapishi na wasafishaji wa vyumba, mshahara mzuri, chakula na malazi bure, kontra ya miezi sita. Chini yake kuna sentensi moja fupi: tuma dola mia moja ao mia mbili ya kufungua dosie. Kwa kijana wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia mwenye hana kazi, pesa hiyo inaweza kuwa minerval ya mdogo wake, ao mtaji wa mama yake sokoni.

Kazi yenyewe iko kweli. Kila mwaka watu wengi wanaifanya, wanapata mshahara na wanarudi kwao. Lakini ni kazi yenye kanuni zake, na mtu mwenye anazijua si rahisi kumdanganya. Juu ya hiyo tunaieleza hapa, hatua kwa hatua.

Ni meli ya namna gani?

Wengi wakisikia meli ya watalii wanafikiri zile kubwa za bahari zenye kubeba maelfu ya watu. Hapa tunasema za mito: Rhin, Danube, Rhône, Seine. Ile kubwa ya Rhin ina urefu wa mita 135, inapita kiwanja cha mpira. Lakini upana wake ni kama mita 11 na nusu tu. Inabeba wageni 100 mpaka 190 hivi, na wafanyakazi 30 mpaka 50.

Sababu ya wembamba huo ni ekluzi. Ekluzi ni chumba kikubwa cha beto chenye milango miwili, kinachojengwa ndani ya mto pale maji yamezuiwa na barrage. Meli inaingia, mlango unafungwa, maji yanaongezwa ao yanapunguzwa, kiisha mlango wa mbele unafunguliwa. Kutoka Bâle kushuka Rhin, meli inapita ekluzi kumi mbele ya kufikia sehemu mto unatembea wazi. Mara nyingi inazipita usiku, wageni wakiwa wamelala. Mfanyakazi mwenye chumba chake kiko chini karibu na maji anasikia kila kitu.

Msimu unaanza mwisho wa mwezi wa tatu na kufika mwezi wa kumi. Halafu kuna msimu mfupi, kutoka mwisho wa mwezi wa kumi na moja mpaka karibu na Noeli, wakati wageni wanakuja kuona masoko ya Noeli ya Ujerumani, Ufaransa na Austria. Mwezi wa kwanza na wa pili meli nyingi zinafungwa bandarini. Njo maana kontra ni ya msimu: meli ikisimama, kazi nayo inasimama.

Siku ya kazi inaendaje?

Ndani ya meli kuna watu wa aina mbili. Kuna wa kuendesha meli: nahodha, wasaidizi wake, mekanisye na mabaharia. Na kuna wa hoteli: mapokezi, mgahawa, baa, jikoni, vyumba na kufua. Kazi za msimu nyingi ziko upande wa hoteli.

Tuchukue mserva. Saa kumi na mbili za asubuhi anapanga meza. Chai ya asubuhi inaisha kama saa nne. Anapumzika kidogo, kiisha chakula cha mchana. Anapumzika tena, halafu chakula cha usiku kinaanza saa moja na kinaweza kuisha saa tatu ao nne za usiku. Kwa hiyo kazi imekatwa vipande vitatu. Mtu anasema nilipumzika mchana, lakini mwili haujalala.

Msafishaji wa vyumba anaingia kila chumba asubuhi, na jioni anarudi kukunja shuka na kubadilisha taulo. Mwenye kuosha vyombo yuko nyuma ya wote: sahani za wageni 150, mara tatu kwa siku, na masufuria ya jikoni juu yake.

Siku nzito kuliko zote ni ile ya kubadilisha wageni. Safari nyingi ni za juma moja. Tuseme ni siku ya posho: wageni wa zamani wanatoka saa tatu za asubuhi, wapya wanaanza kuingia saa tisa. Katikati kuna masaa sita. Kama meli ina vyumba 90 na wasafishaji sita, kila mmoja ana vyumba 15 vya kufanya upya, kutoka kitanda mpaka choo. Siku hiyo hata waserva wanabeba masanduku.

Malazi ni bure kweli, ao yanakatwa kidogo kwenye mshahara kufwatana na kontra. Lakini ni chumba kidogo cha watu wawili, kitanda juu ya kitanda. Unalala na mtu hujamchagua, miezi sita. Wenye kuishi na ndugu wengi nyumbani wataweza. Lakini hapa kukikasirika, hakuna nyumba ya shangazi ya kukimbilia.

Sheria inasema nini juu ya masaa?

Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2014 juu ya masaa ya kazi kwenye mito na mifereji. Kwa mfanyakazi wa msimu ndani ya meli ya wasafiri, kazi haipaswi kupita masaa 12 ndani ya masaa 24, wala masaa 72 ndani ya siku saba. Anapaswa kupata mapumziko ya masaa 10 kwa siku, na sita kati ya hayo yafwatane bila kukatwa. Tena, kila siku tano za kazi zinamhesabia siku moja ya mapumziko.

Masaa 72 kwa juma ni mengi. Ni kazi ya siku sita za masaa 12. Ukisoma tangazo linalosema kazi nyepesi ya masaa manane na muda wa kutembelea miji, ujue mwenye kuliandika hajawahi kufanya kazi hiyo.

Pesa inahesabiwa namna gani?

Kwenye kontra kuna mshahara brut na mshahara net. Brut ni mbele ya kukata bima ya afya, pensheni na kodi. Net ndio inaingia mkononi. Matangazo yanapenda kuonyesha brut. Uliza net.

Kuna pia purbuari, pesa wageni wanaacha mwisho wa safari. Kwenye meli nyingi haiingii mfukoni mwa mserva mmoja. Inawekwa pamoja na kugawanywa kwa wote, hata mwenye kuosha vyombo ambaye mgeni hajamuona. Tuseme wageni 150 wanaacha kila mmoja euro 5 kwa siku, kwa siku saba: ni euro 5250. Wakigawana watu 40, kila mtu anapata kama euro 131 kwa juma. Lakini meli ikienda na wageni nusu, hesabu hiyo inaanguka. Hiyo pesa ni ya kuongeza. Usiihesabu kama mshahara.

Maji nayo yana sauti yake

Mto unaweza kukataa. Mwezi wa kumi 2018, kipimo cha maji cha Kaub, sehemu yenye maji mafupi kwenye Rhin, kilishuka mpaka sentimita 25. Kipimo hicho si kina chote cha mto, lakini ni alama ambayo manahodha wanaifwata. Mwezi wa nane 2022 kilishuka tena chini ya 40. Wakati kama huo meli haipiti: wageni wanapandishwa basi kwenda kuchukua meli nyingine, na wafanyakazi wanahamisha mizigo yao. Mafuriko pia yanasimamisha, sababu meli haiwezi tena kupita chini ya madaraja.

Na usalama si kazi ya mabaharia peke yao. Tarehe 29 mwezi wa tano 2019, huko Budapest kwenye Danube, chombo kidogo cha watalii kiligongwa usiku na meli kubwa na kuzama haraka sana. Kilikuwa na watu 35. Saba tu waliokoka. Juu ya hiyo kila mfanyakazi, hata wa jikoni, anapaswa kufundishwa wapi makoti ya kuokoa maisha yako, namna ya kuzima moto na namna ya kutoa wageni. Sisi wa kando ya ziwa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana: ajali ya mwezi wa kumi 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu hawajaisahau.

Nani anaweza kuajiriwa?

Hapa njo wengi wanadanganyiwa. Kampuni za mito ya Ulaya zinachukua kwanza watu wenye haki ya kufanya kazi Ulaya. Nyuma yao zinatafuta katika inchi ambako zina mashirika yanayojulikana, kama Ufilipino na Indonesia. Mkongomani mwenye anaishi Ufaransa ao Ubelgiji na karatasi zake zote anaweza kuomba kama wengine, na Kifaransa chake kinamsaidia. Mwenye pasipoti ya Kongo na anaishi hapa kwetu anahitaji kibali cha kazi na viza ya kazi. Viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi.

Inawezekana? Ndiyo, hasa kwa mtu aliyesoma hotelerie, mwenye uzoefu wa hoteli na anayesema Kingereza ao Kijerumani. Lakini haifanyiki ndani ya juma moja, na haifanyiki bila mtu kukuhoji.

Alama za udanganyifu

Ya kwanza: wanaomba pesa ili upewe kazi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ulioanza kutumika 2013, unakataza kumtoza mfanyakazi pesa ya kumtafutia kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari anaweza kulipa mwenyewe. Viza inalipwa na mwenye meli. Mkataba huo hauhusu meli zinazotembea mitoni tu, lakini kanuni ni ile ile: mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unasema mashirika ya kutafutia watu kazi hayapaswi kumtoza mfanyakazi.

Ya pili: hakuna mahojiano, hata ya video. Ya tatu: kontra haina jina la meli, wala anwani ya kampuni, wala masaa, wala mshahara net. Ya ine: pesa inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ya tano: wanakuharakisha, eti nafasi zinaisha leo usiku.

Moja tu ya alama hizi inatosha kukufanya usimame. Tafuta mwenyewe namba ya kampuni, si ile waliyokutumia, na uliza kama nafasi hiyo iko. Mwonyeshe kontra mtu mwenye kujua Kifaransa ao Kingereza vizuri mbele ya kutia saini.

Kama umekwisha kutuma pesa, usifute ujumbe juu ya haya. Linda mazungumzo, namba na ujumbe wa malipo ya simu. Julisha kampuni ya simu haraka, kiisha mwanasheria ao polisi. Na usitume nyingine, hata wakikuambia kwamba bila hiyo ya kwanza itapotea. Ya kwanza imekwisha kwenda. Ile ya pili ingali mkononi mwako.