JE, WAJUA? Lebo moja, sura tatu

Kwenye kompyuta za Linux zenye ulinzi wa SELinux, uliotolewa kwa umma na shirika la NSA la Marekani mwaka 2000, kila faili huwa na lebo ya usalama. Lebo hiyo hubadilika sura kulingana na anayeisoma:

• Mtu anaweza kuonyeshwa jina alilolichagua msimamizi, mfano “Mishahara”.

• Diski huhifadhi alama, mfano s0:c3, yaani ngazi 0, kundi namba 3. Kwa kawaida makundi ni 1,024, kuanzia c0 hadi c1023.

• Kiini cha mfumo hutumia namba tupu ya biti 32, kwani namba hulinganishwa haraka kuliko maneno.

Programu iitwayo mcstrans ndiyo hugeuza jina kuwa alama, na alama kuwa jina. Namba ya kiini haiandikwi kwenye diski: hutolewa mfumo ukiwa kazini, hivyo kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena, lebo ileile yaweza kupata namba nyingine.

Simu yako ya Android nayo imo: tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, SELinux hulinda mfumo wake wote.