Simu Bila Waya, Joto Bila Faida

Nimeulizwa: simu huchajiwaje bila kuchomekwa waya?

Tazama transfoma zilizo kwenye nguzo za Morogoro, chini ya Uluguru. Ndani yake umeme huvuka kutoka koili moja hadi nyingine kwa nguvu ya sumaku, kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Kichaji hiki hufanya vivyo hivyo. Lakini transfoma ina chuma kinachoongoza sumaku hiyo. Baina ya kichaji na simu kuna uwazi tu. Simu ikikaa upande, umeme zaidi hupotea kwa joto. Joto huchakaza betri, na sarafu iliyonaswa katikati huweza kuunguza.

Basi ndugu msomaji, ilaze simu katikati, ondoa vyuma, usiifunike. Yuniti ulizonunua zisiishie kupasha meza moto.