Mbolea, Mtandao na Mvua ya Novemba

Tarehe 8 Agosti 2022, kilele cha Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea. Mkulima ajisajili, apewe namba, aende kwa wakala akanunue mfuko kwa bei nafuu. Kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali kulikuwa na sababu: vocha za karatasi zilizotangulia zilichezewa sana, na walengwa wengi hawakuzipata.

Kasoro ilikuwa kwenye kalenda. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, na mbolea ya kupandia huingia shimoni pamoja na mbegu. Kwa hiyo palibaki miezi mitatu hivi ya kuandikisha wakulima, kuingiza majina kwenye kanzidata, kuwafunza mawakala na kuijaribu programu. Msimu ule foleni zikawa ndefu, mawakala wachache, mtandao ukasumbua, na mkulima aliyetoka mbali akarudi bila mfuko.

Programu iliyofanya kazi vizuri ofisini kwa watu ishirini haijathibitisha chochote kuhusu maelfu watakaoifungua asubuhi moja. Marekani, pamoja na fedha na wataalamu wake, ilizindua HealthCare.gov, tovuti ya kujiandikisha bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2013. Siku hiyo watu 6 tu ndio waliofanikiwa kujiandikisha. Tarehe ilikuwa haisogei, kilichopunjwa kikawa muda wa majaribio.

Kinachoniuma ni kwamba njia bora tuliijua. Vocha za karatasi zenyewe zilijaribiwa kwanza katika wilaya mbili, Rungwe na Kilosa, kabla ya kusambazwa mikoani. Mfumo huu nao ungeanza na kata chache za Rungwe na nyingine za Kilolo, Iringa, tena zile zenye mtandao hafifu. Huko ndiko maswali yenyewe yaliko. Mtandao ukikatika mkulima akiwa dirishani, wakala anaweza kuuza na taarifa zikatumwa baadaye? Bibi asiye na simu anatambuliwaje? Jina likikosewa herufi moja, nani kijijini ana mamlaka ya kulirekebisha? Ukiwa Dodoma huyaoni haya. Muuza mbolea wa Mafinga atakutajia yote kabla chai haijapoa.

Misimu iliyofuata vituo vya kuuzia viliongezwa, na hilo lilisaidia. Lakini kwa mikoa ya mahindi, toleo lolote jipya la programu linapaswa kuwafikia mawakala ifikapo Juni, watu wakiwa kwenye mavuno, ili hitilafu zionekane wakati hakuna anayedai mbolea.